Kuandaa plazma ya kupimia RNA ya eksosomu

Eksosomu ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 vinavyotolewa na seli, za saratani zikiwemo, na RNA (nakala za maagizo ya jeni) iliyomo ndani yake hukingwa isiliwe na vimeng'enya vya damu. Shida ni kwamba seli nyekundu na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) nazo zimejaa RNA. Zikipasuka kwenye mrija, utapima makosa ya utoaji damu ukidhani ni saratani.

Tumia mrija wa EDTA (kizuia damu kuganda), ule wa kifuniko cha zambarau. Wa kijani usiuguse: heparini yake, kizuia kuganda kingine, hufuatana na RNA hadi mwisho na kuizuia PCR, kipimo kinachonakili vinasaba hadi vihesabike. Sindano iwe geji 21, na mrija wa kwanza upeleke kwenye vipimo vingine. Pindua taratibu mara 8 hadi 10 bila kutikisa, kisha simamisha wima kwenye joto la chumba. Barafu hapana: baridi huamsha chembe sahani, nazo zikiamka humwaga vifuko vyake.

Ndani ya saa moja, zungusha kwenye sentrifuji kwa 2,500 g dakika 15, breki ikiwa imezimwa. Hiyo ni g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika. Kwa rota ya nusukipenyo cha sentimita 15 ni kama mizunguko 3,860. Nyonya plazma, yaani majimaji ya manjano ya juu, ukiacha sentimita moja juu ya utando mweupe wa seli. Tamaa ya tone la mwisho huharibu sampuli. Hamishia mrija mpya, zungusha tena vilevile, na safari hii acha mikrolita 100 za chini. Ukiruka mzunguko wa pili, chembe sahani zilizobaki zitapasuka plazma ikigandishwa na kuyeyushwa.

Itazame plazma mbele ya karatasi nyeupe. Manjano hafifu ni sawa. Ya pinki tupa. Jicho hukosa uvujaji mdogo, kwa hiyo pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414: usizidi 0.2. Baadaye kwenye PCR, chukua Ct (idadi ya mizunguko ya PCR hadi ishara ionekane) ya maikroRNA (RNA fupi) mbili: toa ya miR-451a, iliyojaa kwenye seli nyekundu, kwenye ya miR-23a-3p, isiyoathiriwa na seli hizo. Tofauti ikizidi 7, seli nyekundu zilivuja. Gawa mililita 0.5 kila kichupa, hifadhi nyuzi -80, yeyusha mara moja tu.

Ukitenga eksosomu kwa 100,000 g dakika 70, mashapo mara nyingi hayaonekani kabisa. Yatie alama ya kalamu mahali yatakapotua, upande wa nje wa mrija, kabla ya kuzungusha. Polima za kuzamisha vifuko ni rahisi ila huvuta lipoprotini, vibeba mafuta vya damu. Halafu, maikroRNA nyingi ya plazma haimo ndani ya vifuko, imeng'ang'ania protini ya Argonaute2. Anza na proteinesi K (kimeng'enya kinachokata protini), izime, ndipo utie RNase A (kinachokata RNA), kisha kizuizi chake kabla ya kupasua vifuko. RNase A peke yake haifikii RNA iliyofunikwa na protini.

RNA ya kulinganishia, cel-miR-39 (ya mnyoo, haimo kwa binadamu), itie baada ya kimiminika cha kupasulia. Ikitangulia italiwa papo hapo. RIN, alama ya uzima wa RNA, isikutishe: hutegemea vilele vya 18S na 28S, RNA za ribosomu, ambavyo eksosomu hazina vya kutegemewa.

Kwa tezi dume, mkojo ni rahisi zaidi kuliko damu. Kipimo cha ExoDx huchukua mkojo wa mwanzo bila tezi kubonyezwa, na kusoma RNA za jeni tatu: PCA3, ERG na SPDEF. Alama ikizidi 15.6, daktari hufikiria biopsi (kukata kipande cha tezi kichunguzwe). Saratani yenyewe bado haijathibitishwa.