Mtoto mdogo na filamu za kutisha: ninavyofanya kwangu

Wa chini ya miaka saba, kwangu hapana. Mwaka jana binti yangu wa miaka minne aliingia sebuleni kwa jirani, hapa Kisauni, Mombasa, akakuta vijana wanatazama filamu ya maiti aliyefufuka. Hakulia. Usiku ndipo aliponiuliza: "Mama, TV ikizimwa, yule mtu huenda wapi?" Wiki mbili nzima hakwenda chooni peke yake, na godoro nililianika kila asubuhi.

Nilikosea kumjibu "si kweli, ni filamu tu" kila alipouliza. Wa umri ule bado hatengi vyema kilichoigizwa na kilichopo, kwa hiyo maneno hayo hayamshiki. Kilichomtuliza ni kupakatwa, maziwa ya moto, taa kuachwa ikiwaka, na leso yangu aliyolala ameikumbatia. Usimcheke. Wala usimtishe kwa maiti yuleyule ili amalize chakula.

Kaka yake ana miaka tisa, naye maelezo yanamwingia. Nilimpaka unga wa ngano usoni, nikamtia rangi ya mabuyu pembeni mwa midomo, nikamsimamisha mbele ya kioo aone maiti wa filamu anavyotengenezwa. Alishtuka, kisha akacheka mpaka unga ukamwagika. Halafu tulirudia kipande cha filamu kilichomtisha, sauti tumeizima: mlango uliokuwa ukimtoa jasho ukawa mlango tu.

Hata yeye ana masharti. Kwanza natazama mwenyewe, au angalau nasoma daraja la Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya: GE ni ya wote, PG inataka mzazi amwongoze mtoto, za miaka 16 na 18 hatuzijadili. Tunatazama mchana, rimoti mkononi mwake. Akisema basi, ni basi; simbembelezi aendelee.

Simu ndiyo inayonipa kazi zaidi. Kwenye YouTube zima ile ya video kujicheza zenyewe, maana katuni ikiisha hujui kinachofuata.

Na mtoto akienda kwa watu, sema na mwenye nyumba mapema, usione haya. Mimi nilimwambia jirani: "Shoga yangu, wangu bado mdogo. Wakiweka za kutisha, nirudishie." Juzi alimleta mwenyewe hadi mlangoni, amemshika mkono.