Jinsi ya kuandika riwaya ya mauaji ya kijijini bila kumkimbilia muuaji

Wengi wakiandika riwaya ya uhalifu wanaanza na maiti, ukurasa wa pili polisi washafika. Vijiji vya milimani mambo hayaendi hivyo kabisa. Chukua mfano milima ya Upare, wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro, Tanzania, masika ikishika kuanzia Machi barabara inateleza gari halipandi, kwahiyo anayefika kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji anapigiwa simu, mgambo wanaulinda mwili mpaka kuche. Huo usiku upe sura nzima, usiuruke.

Ila maiti isije mapema. Anza na maji. Kule kuna ndiva, bwawa linalofungwa jioni lijae usiku, asubuhi linafunguliwa maji yaende mashambani kwa zamu. Sasa mwenye zamu anaamka saa kumi na moja alfajiri, jembe begani, anafika anakuta tope tupu na kizibo kimewekwa pembeni taratibu, hakijatupwa. Nani kafungua? Usijibu. Acha mahindi yake yaanze kujikunja majani, acha jirani aanze kuitikia shikamoo yake huku anaangalia pembeni, yaani kurasa hamsini nzima ni hayo tu na msomaji tumbo linamkata.

Na mazungumzo jamani, hapa ndo wengi wanaharibu. Mtu wa kijijini hajibu swali moja kwa moja.

"Mzee, jana usiku mbwa hawakubweka?"

"Mbwa wa hapa wanabweka kila siku mwanangu. Karibu chai."

Hapo kashasema anajua. Maana kijijini muuaji anajulikana, swali ni nani atamtaja, akimtaja kesho wanakutana naye kisimani na keshokutwa msibani. Ukilishika hili hata mpelelezi humhitaji.

Chanzo cha ugomvi mi napenda mpaka wa shamba. Mipaka inaoteshwa masale, mimea ya majani marefu, mtu anang'oa mche mmoja usiku anausogeza hatua moja, mwaka ukipita tena mwingine, miaka 10 baadae mpaka umeshahama. Na kwa Wachaga, majirani wa Wapare, jani hilohilo la sale ndo la kuombea msamaha, basi tumia hiyo: sura ya 3 taja kwa kupita tu, wakati wa kumenya ndizi, kwamba mke wa fulani ametokea Rombo, kwa Wachaga, halafu usiseme tena. Siku ya arobaini mjane anafungua mlango alfajiri, anakuta jani la sale kizingitini, bichi bado lina umande. Analiokota, anaangalia nyumba za upande wa pili, moja tu ndo inafuka moshi.