Jinsi ya kuisoma The Merchant of Venice bila kuuruka ubaguzi uliomo

Kama unaisoma hii tamthilia ya Shakespeare, iwe kwa Kiingereza au ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, Mabepari wa Venisi, achana kwanza na lile swali la Shakespeare mwenyewe alikuwa mbaguzi au la, litakula muda wako wote. Chukua kalamu, na kila mtu anapomtaja Shylock, yule Myahudi mkopeshaji pesa, weka alama, kamwita kwa jina lake au kamwita Myahudi tu? Utakuta jina lake linatajwa kwa nadra, na wanaomwita mbwa na shetani ndo hao hao watu wazuri wa hadithi, marafiki wa Antonio, mfanyabiashara Mkristo, wale tunaotakiwa kuwapenda.

Historia kidogo itakusaidia. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na tamthilia imeandikwa kama 1596 hivi, kwahiyo wengi waliolipa kuja kuitazama walimjua Myahudi kwa hadithi na uvumi. Halafu 1594 daktari wa Malkia Elizabeth, Rodrigo Lopez, mwenye asili ya Kiyahudi, alinyongwa London kwa madai ya kutaka kumpa malkia sumu. Venisi kwenyewe Wayahudi tangu 1516 waliwekwa mtaa wao, mageti yanafungwa usiku, hawaruhusiwi kumiliki nyumba wala ardhi na kazi nyingi wamezuiwa. Sasa Antonio anapomdharau Shylock kwa kukopesha kwa riba, jiulize walimwachia kazi gani nyingine.

Sehemu ya 1 onyesho la 3 isome mara mbili. Watu wanakimbilia ule mkataba, kwamba Antonio akishindwa kulipa dukati 3,000 (sarafu za dhahabu) alizokopa Shylock atamkata ratili ya nyama mwilini, wanapita pale Shylock anapomkumbusha Antonio kwamba ulinitemea mate, ukanipiga teke, leo umekuja kuniomba hela. Angalia jibu la Antonio, hakatai hata kidogo, anasema huenda atamtukana tena na kumtemea tena, yaani anasema hivyo huku anaomba mkopo! Kama hujaona hapo, kesi ya mbele utaielewa nusu.

Ile hotuba maarufu ya sehemu ya 3, je, Myahudi hana macho? akichomwa hatoki damu?, usiinukuu nusu. Hotuba inaishia kwenye kisasi, Shylock anasema hicho kisasi kajifunza kwa Wakristo wenyewe. Ukiikata kabla ya hapo unapata maneno matamu lakini umemfanya awe mtu mwingine, na kusema kweli anatisha zaidi na anaumiza zaidi ukimwacha mzima.

Mahakamani ndo pa kukaa muda mrefu. Deni halijalipwa, Shylock anadai nyama yake, na Portia, tajiri wa Belmont aliyejifanya mwanasheria mwanamume, anaanza na hoja ya damu, ruksa kukata nyama lakini damu isidondoke, na wengi wanaishia hapo wakimsifia akili. Endelea kusoma. Anatoa sheria nyingine, mgeni akithibitika kutaka kumuua raia wa Venisi nusu ya mali inaenda kwa aliyelengwa, nusu kwa serikali na uhai wake uko mikononi mwa Duke, mtawala wa Venisi. Mgeni! Mtu anaishi hapo, ana biashara, ana binti, lakini sheria inamhesabu mgeni. Halafu linakuja lile sharti la Antonio kwamba abadili dini awe Mkristo, na wanaliita huruma. Mimi naona hapa ndo kitovu cha tamthilia nzima, chuki imetoka mdomoni mwa wahuni wa mtaani ikaingia kwenye hukumu, kwa lugha ya upole kabisa.

Ubaguzi wa rangi usiusahau kwa sababu ya Shylock. Mwana wa mfalme wa Moroko anafika Belmont kumposa Portia, ambaye ataolewa na atakayechagua kasha sahihi kati ya matatu, na kitu cha kwanza anaomba asichukiwe kwa rangi yake, Portia anamjibu kwa adabu, akishachagua kasha la dhahabu na kukosa Portia anasema wote wenye rangi ile wachague hivyo hivyo. Na kuna mwanamke mweusi ambaye Launcelot, mtumishi aliyekuwa kwa Shylock, kampa mimba, hatokei jukwaani, hana jina, anatajwa kwa utani mistari michache basi.

Ukifika kuandika insha tenganisha anachosema mhusika na kile tamthilia inachofanya nacho, nani anaadhibiwa, nani anapewa harusi. Na usiseme maandishi yana maana moja tu. Edmund Kean alimcheza Shylock London 1814 watu wakamuona binadamu, Vienna 1943 chini ya Wanazi Werner Krauss akamcheza kama kitu cha kuchukiza. Kwa hiyo kama mnaigiza, amueni mapema Gratiano, rafiki wa Antonio, anapomzomea Shylock mahakamani wenzake wanacheka au wananyamaza, maana watazamaji watawafuata wao.