Una mafua? Tunza kinywa hivi

Msimu wa mafua ukipita, wagonjwa wangu huja na meno yanayosisimka na fizi zinazotoka damu. Wengi huvilaumu virusi. Virusi vina sehemu yao, ila mimi nawalaumu zaidi ukavu wa kinywa na zile dawa tunazonywa kutwa. Anza kujitunza siku ileile pua inapoziba.

Hatua ya 1: Lowesha kinywa
Pua ikiziba unahemea mdomoni, na mate yanakauka, hasa usingizini. Mate ndiyo yanayoosha masalia ya chakula na kupunguza makali ya asidi ya bakteria. Baadhi ya dawa za kukausha kamasi hukausha mate vilevile. Weka maji kando ya kitanda, upige funda kila ukiamka. Matone ya chumvi ya puani, yale ya duka la dawa, husaidia ukiyatia kabla ya kulala.

Hatua ya 2: Chunga unachonyonya na unachokunywa
Tangu korona ya mwaka 2020, nyumba nyingi haziishiwi chupa ya tangawizi, ndimu na asali. Siikatazi, nami naipenda. Ubaya ni kuidonoadonoa asubuhi hadi usiku. Tabaka gumu la nje la jino huanza kupoteza madini pH ya kinywani (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na ndimu iko chini sana ya hapo. Asali nayo ni sukari, chakula cha bakteria. Kila funda ni shambulio jipya, na mate ya kuliponya ni haba. Basi maliza kikombe kwa mkao mmoja, kisha sukutua kwa maji.

Pipi za kikohozi tafuta zisizo na sukari, na usilale na moja shavuni. Dawa ya maji ya mtoto mpe kabla ya mswaki wa usiku, si baada yake.

Hatua ya 3: Ukitapika, mswaki usubiri
Asidi ya tumboni imelainisha meno. Ukiyasugua papo hapo unayakwangua. Sukutua, ngoja nusu saa hadi saa nzima.

Hatua ya 4: Piga mswaki hata ukiwa hoi
Mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi. Mswaki wenyewe si lazima uutupe ukipona. Usuuze, usimamishe ukauke, na usiuchanganye na ya wenzio kwenye kikombe kimoja.

Hatua ya 5: Chunguza maumivu kabla ya kung'oa
Mzee mmoja alinijia akitaka nimng'oe magego mawili ya juu. Nikamwomba ainame kana kwamba anafunga kamba za kiatu, akashika shavu. Ilikuwa sainasi, yaani uvimbe katika nafasi za hewa zilizo ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua. Mizizi ya magego ya juu imepakana na uwazi wa sainasi, na uwazi huo ukivimba, magego kadhaa huuma kwa pamoja, zaidi ukiinama. Mafua yalipokwisha, maumivu nayo yakaisha, na magego yake anayo hadi leo.

Jino moja likikuuma kwa maji baridi au unapotafuna, hilo ni jambo jingine: njoo. Njoo pia ukiona utando mweupe ulimini baada ya antibiotiki, au kidonda kilichopita wiki 2. Uso ukivimba, usingoje kesho.