Somo: Namna ya kupiga mswaki bila kujichimba fizi

Ninaandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kwa majirani, kwa abiria wenzangu kwenye matatu na hata kwa mzee wa kanisa aliyenishika mkono mlangoni baada ya ibada: "Wewe unayefanya kazi kwa daktari wa meno, hebu niambie, mswaki hupigwaje hasa?" Mimi si daktari. Ni msaidizi katika kliniki ya meno upande wa Eastlands, hapa Nairobi. Kazi yangu ni kutakasa vyombo, kuelekeza taa na kuwasikiliza watu wakiapa kwamba hupiga mswaki kila siku ilhali ukoga umejaa nyuma ya meno yao ya chini. Nitaeleza mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya kwanza. Nunua mswaki wenye nywele laini na kichwa kidogo kinachofika kwenye gego la mwisho.

Hatua ya pili. Soma boksi la dawa ya meno uhakikishe ina floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, kiwango cha kati ya 1,000 na 1,500 katika sehemu milioni moja. Mtu mzima hutosheka na kiasi cha punje ya njegere. Lile tuta refu linaloonyeshwa kwenye matangazo lipo ili dawa iishe upesi.

Hatua ya tatu. Piga mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ukilazimika kuacha mara moja, acha ya asubuhi, usiache ya usiku, kwa kuwa mate hupungua sana usingizini, na mate ndiyo yanayoosha na kupoza asidi inayotengenezwa na vijidudu vya kinywani. Kwa hiyo ile chai ya maziwa yenye sukari unayokunywa ukitazama habari za saa tatu hutangulia mswaki. Baada ya mswaki ni maji matupu mpaka asubuhi.

Hatua ya nne ndiyo niliyoiharibu mimi, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Nilipokuwa na umri wa miaka 23, kabla sijaingia kazi hii, niliamini kwamba meno husuguliwa kama sufuria iliyounguzwa ugali. Nilikuwa nikinunua miswaki migumu kwa wachuuzi wa stendi, naushika mswaki kwa ngumi, naukandamiza, kisha nausukuma mbele na nyuma kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Jumapili niliongeza unga wa mkaa na kujisifu kwa weupe nilioupata. Miaka sita baadaye maji baridi yalianza kunichoma kwenye chonge la juu la kushoto. Nilipopitisha ukucha juu ya jino lile kuelekea kwenye ufizi, ukucha ulinasa ndani ya mfereji mwembamba, uliokatwa mshazari kama alama ya shoka kwenye gogo. Nilidhani jino limeoza. Halikuwa limeoza hata kidogo: ni mkono wangu mwenyewe uliokuwa umeusukuma ufizi juu, shingo ya jino ikabaki wazi mahali ambapo hakuna enameli, lile gamba gumu la nje la jino, ya kuikinga, na mswaki ukaendelea kuila. Mfereji ulizibwa, na mjazo umeshabanduka mara moja. Ufizi wenyewe haujarudi chini, na hautarudi wenyewe.

Basi shika mswaki kwa ncha za vidole, kama unavyoshika kalamu. Elekeza nywele zake kwenye mpaka wa jino na ufizi, kwa mshazari wa takriban digrii 45, ili nusu ya nywele ziguse jino na nusu ziguse ufizi. Utando wa vijidudu unaoleta balaa hujificha pale mpakani, si katikati ya jino panapoonekana kwenye kioo. Tikisa mswaki kwa mwendo mfupi sana juu ya meno mawili au matatu, mara kumi hivi, kisha fagia kutoka kwenye ufizi kuelekea upande wa kutafunia, usogee kwenye meno yanayofuata. Nywele zikipinda na kulala ubavu, umezidisha nguvu. Na ikiwa mswaki wako huchanuka kama fagio kuukuu kabla ya kumaliza miezi mitatu, huo ni ushahidi dhidi ya mkono wako, usimlaumu aliyeutengeneza.

Onyo lingine katika hatua hiihii: usipige mswaki mara tu baada ya kunywa juisi ya pasheni, ukwaju, maji ya ndimu au soda, wala mara tu baada ya kutapika, jambo linalowahusu zaidi kina mama wajawazito. Asidi huilainisha enameli kwa muda, na ukiisugua wakati huo unaikwangua. Sukutua kwa maji, kisha ngoja angalau nusu saa.

Hatua ya tano. Anzia ndani ya meno ya mbele ya chini. Wengi huanzia mbele, kwenye tabasamu, na wanapofika ndani mkono umechoka. Lakini mifereji ya mate hufungukia chini ya ulimi, nyuma ya meno hayo, na madini yaliyomo kwenye mate huugeuza utando kuwa ugaga mgumu ambao mswaki hauwezi tena kuung'oa.

Hatua ya sita. Pitisha uzi wa meno kati ya jino na jino mara moja kwa siku, na usugue ulimi.

Hatua ya saba. Tema povu, usisukutue. Floraidi iliyobaki kinywani huendelea kufanya kazi, ilhali kikombe cha maji huipeleka yote kwenye sinki. Wanaoishi kwa mgao wa maji watafurahi kusikia kwamba nusu kikombe cha kuoshea mswaki kinatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Rongai: Sijasoma yote, ni ndefu. Nataka tu kujua kama ndimu na magadi hufanya meno yawe meupe kwa haraka.

Jibu: Jibu limo kwenye onyo la hatua ya nne. Ndimu huyeyusha enameli, na weupe unaouona siku ya kwanza ni jino lililochubuliwa. Soma.

Mama Pendo: Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo upande huo nimeuacha upumzike kwa wiki mbili. Je, nimefanya vyema?

Jibu: Hapana, mama, ingawa naelewa ulivyofikiri. Damu hiyo mara nyingi hutokana na ufizi uliovimba kwa sababu ya utando, na kuuacha upande huo ni kuulisha utando wenyewe. Mwaka 1965 nchini Denmark, Harald Löe na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Fizi za wote zilivimba kati ya siku ya 10 na ya 21, na waliporudia usafi zikapona kwa muda wa takriban wiki moja. Rudisha mswaki laini upande huo leo, kwa mkono mwepesi. Ikiwa damu haitapungua baada ya wiki mbili, nenda ukaangaliwe, kwa maana huenda kuna ugaga unaohitaji kukwanguliwa.

Mjukuu wa Mzee: Babu yangu alitumia mswaki wa mti maisha yake yote, hakuwahi kuona floraidi, na alizikwa na meno yake yote. Haya mengine ni biashara.

Jibu: Sikuuzii chochote, ndugu yangu, na sijautukana mti, jina "mswaki" lenyewe lilikuwa la kijiti kabla ya kuwa la plastiki. Kijiti kilichotafunwa vizuri mpaka kikatoa nyuzi laini husafisha kweli, hasa upande wa nje. Ugumu wake ni kufika ndani ya magego, tena wapo watu wanaokisugulia kwa nguvu wakapata mfereji kama wangu. Kata ncha iliyochakaa na utafune mpya. Kisha jiulize babu alikunywa soda ngapi kwa wiki.

Binti wa Nakuru: Nimekulia Nakuru, sasa naishi Kasarani. Meno yangu yana madoa ya kahawia tangu nilipoota ya ukubwani. Napiga mswaki mara tatu kwa siku kwa nguvu na hayatoki. Kwenye usaili wa kazi huzungumza nimefunika mdomo.

Jibu: Dada, acha nguvu leo hii, kwa sababu unachokisugua si uchafu. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi, mara nyingine zaidi ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, doa hujengwa pamoja na jino. Hapa Nairobi pia kuna visima vilivyochimbwa kwenye mitaa vyenye tatizo hilo, tofauti na maji ya bomba yanayotoka kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Daktari anaweza kuyapunguza madoa hayo kwa kuondoa tabaka jembamba la juu, au kuyafunika. Hukukosea usafi.

Binti wa Nakuru: Asante sana. Lakini kama floraidi ndiyo iliyonitia madoa, mbona unasema tuipake?

Jibu: Swali zuri kuliko yote hapa. Doa hutokana na floraidi iliyomezwa wakati jino bado linajengwa, yaani takriban mpaka umri wa miaka minane. Jino likishaota na kukomaa, floraidi inayoligusa kwa nje huisaidia enameli kurudishiwa madini yaliyochukuliwa na asidi, na haiwezi kulitia doa jipya. Ndiyo maana mtoto chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha njegere, na mzazi husimama karibu kuhakikisha anatema.

Fundi wa Umoja: Mfereji wako uko kushoto. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Je, wangu utakuwa kulia?

Jibu: Mara nyingi ndivyo ilivyo, kwa kuwa mkono hupata nguvu zaidi unapovuka kwenda upande wa pili wa mdomo. Osha mikono, pitisha ukucha taratibu kwenye chonge na magego madogo ya juu, kisha utuambie.

Fundi wa Umoja: Umenasa. Kulia, jino linalofuata chonge. Haliumi.

Jibu: Basi umeliwahi. Badilisha mswaki leo, na kwa mwezi mmoja pigia mkono wa kulia: ni mzembe, hauna nguvu, na ndiyo sababu ninaupendekeza. Ule mgumu usiutupe. Unafaa kusugulia nyayo za raba.