Aktini hukata, mikrotubuli huelekeza: jaribio la visahani vinne kwa mayai ya urchini wa bahari

Aktini ni nyuzi nyembamba za protini ndani ya seli, na mikrotubuli ni vijibomba vya protini; hapa tunazivunja kwa dawa, moja moja, tuone kila moja inafanya nini yai linapogawanyika. Ukimpata urchini wa spishi ya Lytechinus variegatus, mtumie huyo. Yai lake ni angavu, na kwenye nyuzi 23 hivi za sentigredi hugawanyika mara ya kwanza baada ya takriban saa moja.

Hatua ya 1. Mdunge urchini kloridi ya potasiamu ya mola 0.5, kama mililita moja, kupitia ngozi laini inayozunguka mdomo. Jike mpindue juu ya bika la maji ya bahari, mayai yashuke yenyewe. Mbegu za dume zikusanye kavu, uziweke kwenye barafu. Ukizizimua mapema zitachoka.

Hatua ya 2. Osha mayai, zimua mbegu, tungisha, anza kuhesabu dakika. Punde utando huinuka kulizunguka yai. Mayai mengi yasipouinua, mimi humwaga kundi zima na kuanza upya.

Hatua ya 3. Gawa mayai katika visahani vinne. Cha kwanza kitie kiyeyushio kitupu cha dawa, kiwe kipimo cha kulinganishia.

Cha pili ni cha saitokalasini B, inayovunja nyuzi za aktini. Subiri dakika 20 tangu kutungisha ndipo uitie. Niliwahi kuitia mapema mno, asubuhi nzima ikapotea: aktini ndiyo inayoivuta mbegu ndani ya yai, kwa hiyo nilikuwa nimezuia hata kuingia kwake. Ukisubiri, utaona kiini kikigawanyika viwili huku yai likibaki zima. Hata mfereji wa mgawanyiko ulioanza kubonyea hulegea na kufutika, maana ule mshipi wa aktini na mayosini (protini inayozivuta nyuzi za aktini) unaoukaza umesambaratika.

Cha tatu tia nokodazoli mara tu utando unapokamilika. Dawa hii huvunja mikrotubuli. Mbegu imeshaingia, lakini kiini chake na kile cha yai havikutani: njia za kuvikutanisha hazipo.

Cha nne ndicho kitamu. Nokodazoli ileile, ila ngoja hadi kromosomu zimeachana na mfereji u karibu kuanza. Mikrotubuli zinavunjika, na yai linakatika vilevile! Zilikwisha kuonyesha mahali pa kukata. Iliyobaki ni kazi ya aktini. Ukiwahi kidogo, mfereji hautokei. Nafasi yenyewe ni ya dakika chache tu, hivyo andaa visahani vya akiba vilivyotungishwa kwa kupishana dakika tano tano.

Vaa glavu: dawa hizi haziibagui seli yako na ya urchini.