Mbwa mzee mwenye maumivu ya uti wa mgongo

Asubuhi za Julai hapa Nakuru, mbwa mzee aliyelala kwenye simiti huamka amekakamaa. Mtandikie godoro la sponji la sentimita 10 hivi, uliinue kidogo kwa mbao ili baridi isipande, na uweke gunia pale anapoteleza.

Kwa dawa, tafadhali usimpe ibuprofeni, diklofenaki wala panadoli za nyumbani. Figo, ini na tumbo lake hazizihimili. Daktari wa mifugo mara nyingi huandika meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe: miligramu 0.2 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 mara moja kwa siku, baada ya chakula. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 4 siku ya kwanza, kisha 2 tu kwa siku, ilhali kidonge kidogo cha binadamu kina 7.5. Hapo ndipo wengi huwaumiza mbwa wao bila kujua. Akitapika, akikataa chakula au akinya choo cheusi, acha dawa na umwone daktari. Mwambie pia kama majuzi alidungwa deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, maana hizo mbili zikikutana huchimba vidonda tumboni.

Mnyororo wa shingoni uondoe, tumia mshipi wa kifuani. Matembezi ya dakika 10 mara tatu kwa siku yanamfaa kuliko moja refu. Kwenye ngazi, mwinue kwa taulo chini ya tumbo. Mpunguzie ugali hadi uzipapase mbavu zake kwa urahisi.

Akiburuta miguu ya nyuma ghafla au akishindwa kukojoa, mpeleke siku hiyohiyo.